Kilichokula Masomo ya Zunaira

Kadi ya kujisomea ya kwanza kumtoka Zunaira kichwani ilikuwa ile inayoeleza kwa nini takwimu za polisi haziaminiki. Asubuhi aliikariri kwa sauti mara tatu, akaijua kama jina lake. Mchana, mwalimu wa sosholojia alipomuuliza, alibaki mdomo wazi.

"Zunaira, hili tulilisoma tangu Oktoba," mwalimu alisema, kwa upole uliouma kuliko tusi.

Mwaka uliopita alifeli karatasi hiyohiyo ya uhalifu na uvunjaji wa kaida. Sasa zilibaki wiki mbili kabla ya mtihani wa marudio, na chuo kikuu kilikuwa kimempa nafasi kwa sharti moja tu: apate B.

Basi alipanda chumbani kwake darini, pale kwao Bradford, akaanza upya. "Jamii humfundisha kijana kutamani mali, kisha humfungia mlango wa kuipata..."

"...mlango wa kuipata," kabati likarudia.

Akadhani ni mwangwi. Akaendelea, na mwangwi ukaendelea, mpaka ukaimalizia sentensi kabla yake. Kesho yake sentensi ile haikuwamo kichwani. Hata alipoisoma kwenye kadi, aliiona kama mwandiko wa mtu mwingine.

"Ami, kuna kitu kabatini," alimwambia mama yake.

"Kuna simu mkononi!" Ami alijibu, akikanda unga wa roti. "Mtoto wa rafiki yangu Shaista anasomea ufamasia mwaka wa pili, na sijasikia kwamba aliwahi kuzungumza na kabati."

"Nasoma mpaka macho yananiuma!"

"Basi soma na yakuume zaidi."

Zunaira alipanda ngazi akilia kwa hasira, akachana kadi kumi, akaziandika tena, akazikariri tena, na kila alichokitamka kikamtoka kama maji kwenye chekecheo. Alasiri ya Jumanne, mvua ikigonga paa, chumba kikajaa harufu ya nywele zinazoungua, na yeye, kwa kuwa hasira ilikwisha kuishinda hofu, akaufungua mlango wa kabati kwa nguvu, akayaona makoti yake ya baridi yakipanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, akashika mkono wa koti moja akaukuta na joto kama kwapa, na kutoka nyuma ya makoti sauti yake mwenyewe ikamwambia, bila haraka, "Endelea. Bado nina njaa."

Ami alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Aliwasikia Zunaira wawili, mmoja akipiga kelele, mwingine akikariri sababu za vijana kuingia magengeni. Kikombe kikamponyoka. Akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti kuu, akafika katikati, akanyamaza.

"Imenitoka," alinong'ona. "Ninayo tangu nina miaka sita. Mwanangu, imenitoka!"

Siku ya pili alikuja Bibi Gulshan, mwosha maiti wa wanawake pale msikitini, kizee kifupi kilichovaa raba. Hakutoa hata salamu. Aliweka kidole mdomoni. Aliandika aya kwa zafarani kwenye bakuli, akaiosha kwa maji, akayapaka mbao za kabati kimya kimya, kama anavyoosha wafu.

Kabati likatetemeka. "Nikitoka, naondoka na vyote nilivyokula," sauti ikasema. "Nikibaki, siku ya mtihani nitamnong'oneza kila jibu."

Ami akamtazama binti yake. "Mtihani mmoja tu," alinong'ona. "Kisha tutamfukuza."

Zunaira akalitazama kabati. Miezi ishirini ya kusoma ilikuwa ndani ya mbao zile, mali yake, na sasa alikuwa akikopeshwa kwa ihsani! Alitamani kusema ndiyo. Alitamani sana. Akachukua kadi tupu, akaandika kwa herufi kubwa: ATOKE.

Bibi Gulshan akamwaga maji yote. Kishindo kikapita ukutani, ile harufu ikakifuata, kisha ukimya.

Siku zilizobaki Zunaira alisoma kwa kuandika, skafu imefungwa mdomoni asije akatamka neno, hadi midomo ikachubuka. Ami naye alijifunza aya yake upya, neno kwa neno, kama mtoto wa madrasa. Agosti matokeo yakatoka. C.

"C ni nzuri," Ami alisema.

"Chuo kilitaka B, Ami."

Alikuwa bado ameishika karatasi mlango ulipogongwa. Alikuwa Bi Dorothy, mjane wa nyumba ya pili. Nyumba zao zimeshikana ukuta kwa ukuta.

"Binti, unasoma vizuri sana," alisema kwa aibu, "ila pumzika kidogo. Mchana kutwa nakusikia."

"Bi Dorothy, mtihani niliumaliza Juni."

Mjane akakunja uso. "Ajabu. Hata jana nilikuwa namsimulia dada yangu kwa simu habari za mume wangu. Marehemu mume wangu..." Alisita, akaitazama pete kidoleni. "Binti, umenijua miaka yote hii. Mume wangu aliitwa nani?"

Zunaira aligeuza kichwa. Kupitia mlango wa jirani ulioachwa wazi aliisikia sauti yake mwenyewe, tulivu, ikieleza kwa nini takwimu za polisi haziaminiki, hoja kwa hoja, bila kukosea hata neno.