Nyemo Akataa Madoa

Sogeeni karibu, watoto. Asiyependa watoto wabishi na aende zake akalale, maana huyu Nyemo alikuwa mbishi kweli kweli.

Nyemo alikuwa na miaka sita na pengo moja mbele. Alikaa Dodoma, kwenye nyumba yenye kisima cha pampu uani.

Uani hapo kulikuwa na gari. Lilikuwa gari la zamani, jeusi tii, la baba yake Nyemo. Gari hilo waliliita Mkaa.

Siku moja ilikuwa Ijumaa, na kesho yake ilikuwa harusi. Shangazi Damari, dada yake Baba, alikuwa anaolewa.

"Nyemo," Shangazi alimwambia, "nitakwenda kanisani na Mkaa. Na wewe utakaa pembeni yangu."

Nyemo alifurahi mpaka akarukaruka.

Basi Ijumaa hiyo, saa sita mchana, jua linawaka haswa, Baba akachota maji kisimani. Akapaka sabuni. Maji ya pale yana ukaidi wake, sabuni haitoi povu mpaka uibembeleze.

Chwaa! Ndoo moja.

Chwaa! Ndoo ya pili.

Nyemo akaegemea mlango wa nyuma. Gauni lake likalowa chapachapa.

"Wewe Nyemo, toka hapo! Unafuta gari kwa gauni!"

"Silifuti, Baba. Nimeegemea tu."

Ubishi huo, jamani!

"Haya, limetakata," Baba akasema. "Jua litalikausha. Twende tukale."

Ndivyo wanavyofanya mtaa mzima. Wanamwaga maji, wanaliachia jua kazi, wanakwenda kula.

Wakala ugali na mlenda. Wakashiba. Wakarudi uani.

Lo!

Mkaa alikuwa na madoa! Madoa meupe juu ya paa. Madoa meupe kwenye boneti. Madoa, madoa, madoa, mpaka kwenye vioo.

Hapo akaingia Baba Mdogo, mdogo wake Baba. Yeye ndiye aliyesimamia mambo ya harusi, na simu haikumtoka mkononi. Alimtazama Mkaa, akacheka mpaka akashika tumbo.

"Kaka, hili ni gari au ni ndege kanga?"

"Ni maji yetu haya," Baba akasema kwa unyonge. "Yana chokaa. Utafanyaje?"

"Nitafanya hivi," Baba Mdogo akasema. "Ikifika saa kumi na mbili jioni madoa bado yapo, nampigia simu mwenye gari la kukodi. Gari jeupe, jipya, lenye maua. Mkaa abaki nyumbani."

"Sikubali!"

Nani huyo? Nyemo huyo.

"Nyemo, haya ni mambo ya wakubwa."

Nyemo akapiga mguu chini. Pu!

"Madoa sitaki! Mkaa habaki! Mimi sikubali!"

Baba Mdogo akatikisa kichwa. "Kukataa tu hakuondoi madoa, mama."

Hilo lilimchoma Nyemo. Machozi yalimjia. Lakini hakuondoka. Akaanza kumzunguka Mkaa, pole pole, macho kodo.

Paa lina madoa. Boneti ina madoa. Mlango wa mbele una madoa.

Mlango wa nyuma?

"Baba! Baba! Mlango huu hauna doa hata moja!"

Baba akainama. Kweli bwana, mlango uling'aa.

"Ndio ule nilioegemea," Nyemo akasema. "Gauni langu lilikunywa maji yote."

Baba akajikuna kichwa. Mama akatoka jikoni, birika mkononi.

"Tazameni ndani," Mama akasema. Ndani ya birika kulikuwa na ukoko mweupe. "Maji yanakauka, chokaa inabaki. Ni hiyo hiyo iliyoko kwenye gari."

"Kwa hiyo tukifuta maji kabla hayajakauka, chokaa inaondoka nayo!" Nyemo akaruka.

"Na hayo yaliyokwisha kauka?" Baba Mdogo akauliza. Alidhani amemkamata.

"Ukoko wa birika nautoa kwa siki," Mama akasema. "Nusu siki, nusu maji."

"Muda hautoshi," Baba Mdogo akasema. "Na jua hili je?"

Mnajua Nyemo alijibu nini?

"Madoa sitaki! Mkaa habaki! Mimi sikubali!"

Baba akacheka. Akaingia garini. Gruu, gruu, gruuuu! Akamsogeza Mkaa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta.

Nyemo akagusa boneti. "Ai! Ya moto! Tumwache apoe kwanza."

Wakamngoja apoe. Kungoja ni kazi, msione hivi. Nyemo aligusa boneti mara saba.

Ilipofika saa tisa, Mkaa alikuwa amepoa. Mama akaleta siki kwenye bakuli. Baba akaleta fulana zake kuukuu za pamba, zile laini zilizochujuka.

Fyu, fyu, fyu. Wakapaka siki, wakasugua taratibu. Doa moja likatoka. Madoa kumi yakatoka. Mkaa akanuka kachumbari.

"Sasa tumsuuze," Baba akasema. Akanyanyua ndoo nzima juu, tayari kummwagia Mkaa mwili mzima.

"Hapana, Baba! Ukimmwagia mwili wote, huku tunafuta na kule kunakauka. Kipande kimoja kimoja!"

Baba akaishusha ndoo. Mtoto anamfundisha baba yake kuosha gari, na baba anatii! Lakini alikuwa na haki, mtafanyaje?

Wakaanza na paa. Chwaa! Futa, futa, futa. Kavu!

Wakaja kwenye boneti. Chwaa! Futa, futa, futa. Kavu!

Mlango wa mbele. Chwaa! Futa, futa, futa. Kavu!

Nyemo hakufika juu, kwa hiyo alishika sehemu za chini. Fulana ikilowa, anaikamua. Mikono ilimuuma. Vidole vilikunjamana.

"Saa kumi na moja!" Baba Mdogo akaita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anatazama simu. "Mmechoka nyote. Acheni, jua la jioni litamalizia."

Nyemo hata hakugeuka.

"Madoa sitaki! Mkaa habaki! Mimi sikubali!"

Kelele hizo zikafika chumbani, ambako Shangazi Damari alikuwa anasukwa. Mlango ukafunguka, kwaa! Akatoka bibi harusi mwenyewe. Upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande wa pili nywele zimesimama wima.

"Nani anataka kunipandisha gari la watu?"

Baba Mdogo akatazama chini. "Ni kwa heshima yako, dada."

"Heshima yangu naijua mwenyewe! Mkaa amenipeleka shule. Mkaa amenipeleka hospitali nikiwa sijiwezi. Kesho Mkaa ananipeleka kanisani. Akibaki yeye, nami natembea kwa miguu na shela langu, watu wanione!"

Msusi akaita kutoka ndani, "Bibi harusi, rudi!" Wapi! Shangazi alikwisha chukua fulana. Akapiga magoti karibu na Nyemo.

Futa, futa, futa.

Saa kumi na mbili ikafika.

Baba Mdogo akasimama. Akamzunguka Mkaa, mikono nyuma. Akatazama paa. Akatazama boneti. Akainama, akachungulia karibu na magurudumu.

Nyemo alimfuata nyuma, hatua kwa hatua.

"Hakuna doa," Baba Mdogo akasema. "Lakini hilo ni nini?"

Ti... ti...

Maji yalikuwa yamejificha ndani ya kioo cha pembeni. Sasa yalikuwa yanatoka. Tone moja likateremka mlangoni, pole pole.

Nyemo akatazama fulana yake. Imelowa chepechepe. Ya Baba nayo imelowa. Ya Shangazi ndiyo usiseme.

Tone likazidi kuteremka.

Nyemo akashindwa hata kupiga mguu chini.

Baba Mdogo akamtazama. Akaitazama mikono ile midogo iliyokunjamana kwa maji.

Akaingiza mkono mfukoni. Akatoa leso yake mpya, nyeupe pe, ile aliyoinunua kwa ajili ya harusi.

Fyu! Akalifuta tone.

Akachungulia nyuma ya kioo, akafuta na huko. Akafuta na kwenye vitasa vya milango, maana na huko maji hujificha.

"Madoa sitaki," Baba Mdogo akasema, kwa sauti ndogo. "Mkaa habaki. Na mimi sikubali."

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Simu ikaingia mfukoni, haikupigwa. Nyemo akamrukia Baba Mdogo shingoni, naye akabebwa mpaka ndani.

Usiku huo Mkaa alilala amefunikwa shuka. Nyemo alilala kabla hajamaliza kula, na Mama akamfuta mdomo akiwa usingizini.

Asubuhi, vigelegele! Shangazi alipanda Mkaa na shela lake refu. Pembeni yake alikaa Nyemo, na gauni la njano. Baba Mdogo aliendesha yeye, na hakumwachia mtu mwingine usukani.

Walipofika kanisani, upepo wa Dodoma ukalivuta shela la Shangazi. Likaenda upande. Watu wakaanza kupekua mikoba.

"Kioo! Nani ana kioo?"

Hakuna aliyekuwa nacho, na kile cha pembeni ya gari kilikuwa kidogo mno kwa shela lile.

Shangazi akageuka, akainama kidogo mbele ya mlango wa Mkaa. Mlango ulikuwa mweusi, safi, unang'aa. Akajiona humo, kuanzia maua ya kichwani mpaka kidevu.

Akaliweka shela sawa. Akatabasamu.

Kando ya uso wake, ndani ya mlango huo huo, Nyemo naye alikuwa anatabasamu, na pengo lake. Shangazi akamshika mkono, wakaingia kanisani pamoja.