Gauni Jeupe na Mfereji Ulioziba

Ukuta ulikuwa umeanza kutoa jasho.

Fundi cherehani aliugusa, akashtuka. Mvua ya jana ilifurika kwenye mfereji wa paa, ikapenya ukutani. Na gauni la harusi lilining'inia papo hapo, kwa kuwa chumba kilikuwa kimoja: kona hii cherehani, kona ile kitanda, kwingine vitambaa. Bibi harusi angekuja kulichukua kesho asubuhi. Nje, wingu lilivimba kama shavu la mwenye jino bovu.

"Baba watoto, mvua hiyo! Mfereji umeziba tena."

"Ondoa wasiwasi," mumewe alijibu kijemadari. "Nipe ufagio."

Dawa yake ilikuwa moja. Alizisukuma taka kwa mpini wa ufagio mpaka zikazama kwenye bomba la kuteremshia maji. Zikishatoweka machoni, kwake kazi imekwisha. Akaegemeza ngazi kwenye mfereji, akapanda na ndala zake. Ngazi ikateleza kidogo. Mkewe akafumba macho.

"Shemeji, shuka!" Alikuwa jirani yao, muuguzi, anatoka kazini. "Wodi yetu imejaa wanaume wanaojua kupanda."

"Mimi mwepesi, shemeji."

"Hata wao walikuwa wepesi. Sasa wazito, wamefungwa plasta."

Akashuka.

"Ngazi isimame mahali tambarare, iegemee ukuta," alisema muuguzi. "Vaa viatu na glavu. Mwenzako aishike. Halafu, taka hazisukumwi, zinachotwa. Ukizisukuma unashindilia kizibo."

"Zimeganda kama saruji."

"Zilowanishe kwanza, zilainike. Anzia karibu na bomba."

Fundi alishika ngazi kwa mikono miwili, jicho moja kwa mume, jingine kwa wingu. Mume alichota kwa mwiko mdogo, akatia kwenye ndoo aliyoifunga kwenye ngazi. Yakatoka majani. Yakatoka matope. Kisha kitu kikagoma. Akavuta, akavuta tena.

"Mke wangu! Nani kaushonea mfereji nguo?"

Lilikuwa tita la vitambaa: zambarau, maua maua, hata lesi nyeupe ya gauni lile lile. Fundi akavitambua. Kila jioni alifagia mabaki ya kazi yake uani. Ndege waliyaokota na kujengea viota kwenye mfereji. Kumbe alikuwa akiulaumu mfereji huku yeye ndiye anayeulisha!

Tone la kwanza likamdondokea puani.

"Shuka, ngazi italowa!" akapiga kelele. "Na bomba je? Bado limeziba!"

"Hilo tunalimaliza tukiwa chini," alisema muuguzi. "Fungueni kipande cha mwisho. Vuteni kwa waya wenye ndoano."

Mume akavuta. Hakikutoka kitu. Mvua ikaongezeka. Fundi aliingia ndani mbio, akalikumbatia gauni, akasubiri ukuta umsaliti.

Nje bomba likakohoa. Likatema kizibo cheusi, kisha maji yakamwagika kwa nguvu na kumlowesha mume mpaka magotini.

"Limezibuka!" alishangilia.

Bibi harusi alipofika asubuhi, gauni lilikuwa kavu. Mchana, ngazi ikashikwa tena, wavu wa waya ukafungwa kwenye tundu la bomba. Mabaki ya vitambaa sasa yanaingia kwenye gunia, nalo linafungwa. Ndege wamekasirika.

Na ufagio umerudishwa kwenye kazi yake halali: sakafu.