Mama wa Mashine ya Salfa

Novemba hiyo malori ya korosho yalikuwa yamejipanga kutoka geti la Bandari ya Mtwara hadi barabara kuu, na madereva walikuwa wakijibizana kwa honi. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Irene na kinasa sauti chake, gauni la kitenge cha njano limejaa vumbi, akitafuta mtu wa kumhoji. Akamwona kijana mwenye shati jeupe na makaratasi kwapani, akadhani ni ofisa.

"Mimi ni karani tu wa wakala wa forodha, dada," Hashimu akamwambia. "Ila sauti yako naijua. Wewe ndiye unayetuamsha asubuhi redioni."

"Na bado mnachelewa kazini?"

"Leo nimechelewa kwa sababu yako."

Maneno mepesi tu, lakini Irene alicheka hadi akasahau swali lake. Baba yake, mwalimu aliyehamia kutoka Iringa, hakufurahi kusikia binti yake amempenda kijana wa Kiislamu wa kijiji cha Mpapura. Wenyewe hawakujali. Kufikia Mei simu zao zilikuwa haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje na wewe uko mbali?"

"Muongo. Nasikia unatafuna."

Kwa mapenzi hayohayo Hashimu akamtolea siri. Mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa na saratani. Vidonge vilituliza maumivu kwa saa chache. Saa zilizobaki alikunywa maji ya majani ya bhangi, kutoka miche miwili aliyoificha katikati ya mihogo.

"Hata dada yangu hajui," akasema. Irene akamshika mkono, akaapa kwamba hatamwambia mtu.

Julai redio ikaandaa mdahalo: bhangi iruhusiwe au iendelee kupigwa marufuku? Mgeni wao, mzee Godfrey, ofisa mstaafu wa serikali, alisema serikali ina wajibu wa kumlinda mtu hata na ujinga wake mwenyewe. Ikiruhusiwa kidogo, vijana wote wa Mtwara watashinda vibarazani. Wasikilizaji wakapiga simu kumuunga mkono, mmoja baada ya mwingine. Irene alitakiwa kuongoza kipindi tu, lakini uvumilivu ukamshinda.

"Mbona bia inauzwa na kodi mnachukua?" akauliza. "Kila anayetumia kwenu ni mhuni. Mimi namjua mama mmoja huko Mpapura, mjane, ana saratani. Mwaka juzi alikuwa bado anabeba mwenyewe mashine ya salfa mgongoni, anapuliza dawa mikorosho yake. Na huyo ni mhuni?"

Mzee Godfrey akarudia tu habari ya vibaraza. Irene akatoka studio akijiona ameshinda, tena bila kutaja jina. Huyu alikulia kwenye nyumba za walimu, mikorosho aliiona dirishani mwa basi tu. Hakujua kwamba kupuliza salfa ni kazi ya vijana wa kukodi, na kwamba Mpapura nzima mwanamke aliyewahi kuibeba ile mashine alikuwa mmoja.

Askari walifika kesho yake asubuhi. Waling'oa ile miche, wakamchukua Bi Mwanakombo na khanga aliyolala nayo. Alikaa mahabusu siku nne kabla ya kupata dhamana.

Irene alipiga simu hadi vidole vikachoka. Siku ya tano Hashimu akapokea.

"Nilikuwa namtetea, Hashimu. Nilitaka wamwone ni mtu kama wao."

"Wamemwona."

"Niliapa, nikasema. Sina la kujitetea. Niruhusu nije nimwombe radhi."

"Ulinishika mkono, Irene. Sasa hata nikiongea na wewe hapa nahisi Mtwara nzima inasikiliza."

Irene alikuwa analia. "Bado unanipenda?"

"Nakupenda. Ndiyo maana nimeshindwa kula siku tano."

Nyuma ya sauti yake Irene akasikia mtu akigumia, kwa kujizuia, kama asiyetaka kusumbua watu.

"Ni mama?"

"Ni yeye. Vidonge vimeisha nguvu tangu saa nane. Hajui kama ni wewe uliyesema, sikumwambia. Leo ameniuliza, eti yule mchumba wangu wa mjini hawezi kutusaidia kupata yale majani?"

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia sina mtu mjini."