Kanda ya Chiriku

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, mjane wa prodyuza alifungua kabati la kanda, akakuta pengo. Kanda arobaini na moja, kazi ya maisha ya mumewe, zilikuwa zimebaki arobaini.

Inspekta, mwanamke wa maneno machache, alifika saa nne. Kufuli lilikuwa zima na ufunguo ulining'inia kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Kanda za jirani hazikuguswa. Vumbi lilikuwa limelala juu yake vilevile. Ila kwenye ukingo wa rafu paliachwa mstari mwembamba wa unga wa buluu.

"Iliyoibwa ni ipi?"

Fundi mitambo wa studio akapekua daftari. "Imeandikwa 'Chiriku' tu, afande. Mzee alimpa kila mtu jina la utani. Huyu alikuwa mwitikiaji, akaacha kuimba kabla sijaajiriwa. Simjui hata kwa sura."

"Ni akina nani wameingia humu tangu Ijumaa?"

"Mimi, mpwa wa Mzee, na mshonaji aliyekuja kupima mapazia."

Mpwa akaja juu. "Msiniangalie mimi! Ni kweli, Ijumaa nilisema kwenye simu kwamba kanda zisizo na majina makubwa tuzitupe, zinajaza nafasi bure. Sasa kitu cha kutupa nikiibe cha nini?"

"Simu hiyo uliipigia wapi?"

"Hapa hapa."

"Nani alikusikia?"

"Hakuna. Labda mshonaji, alikuwa juu ya ngazi."

Inspekta akagusa ule unga, akausugua kati ya vidole. Chaki.

Saa nane mchana aliingia na mjane katika chumba cha mshonaji. Mama wa miaka sitini na kitu alikuwa ameinamia kitambaa, akichora mstari kwa chaki ya buluu.

"Chiriku!" inspekta akaita.

Mama akageuka kabla hajajizuia. Chaki ikamponyoka.

"Mwizi wa kawaida angebeba nyimbo zilizovuma," inspekta alisema kwa upole. "Wewe ulichukua moja tu, na ulijua jina la kutafuta."

Mama akaitoa kanda chini ya marobota. Sauti yake ilikwaruza. "Siku moja Mzee aliwatuma wenzangu wote wakale, akaniambia niimbe peke yangu. Hakuna mwingine aliyewahi kuniomba hivyo. Mwaka uliofuata nikapasuliwa koo. Sauti yangu imebaki humu tu. Niliposikia inatupwa, mikono ikanitangulia."

"Una mashine ya kuichezesha?"

"Sina, mwanangu. Nilitaka tu isitupwe."

Mjane akaketi kando yake. "Ungeniambia, dada."

"Ningeanzia wapi? Hukunijua."

"Unamshtaki?" inspekta akamuuliza mjane.

"Nataka twende studio."

Saa kumi na dakika kumi, fundi mitambo aliifunga kanda kwenye mashine. Kwanza ilisikika sauti ya mwanamume, tulivu: "Chiriku, usiogope. Tuna siku nzima." Kisha msichana akaimba.

Mjane hakuwa ameisikia sauti ya mumewe tangu mazishi. Akaushika mkono wa mshonaji, machozi yakimtiririka. "Ahsante, dada. Umenirudishia mume wangu."

Mpwa alisimama mlangoni, amenywea. "Zipo nyingine kama hii?"

"Ishirini na tatu," fundi mitambo akajibu.

"Vuta kiti," mjane akamwambia mpwa. "Tutazisikiliza zote."