Bahari Haikauki Kama Eyasi

Mavuno ya maharage yalikuwa yamekwisha pale Qurus. Evarista alikuwa amepeta, amejaza magunia, na hata maganda alishawapa ng'ombe. Mumewe, Leonce, alikaa kwenye kigoda akikuna magoti, akilalamika kwamba hana kazi.

"Mama Simon, nami nataka kuiona bahari," alisema. "Nisije nikafa nimeona magadi ya Ziwa Eyasi tu."

Bahati nzuri rafiki yao Zuena, muuza khanga wa Karatu mjini, alikuwa anakwenda kwao Tanga kusalimia. Akawachukua wote wawili.

Asubuhi ya kwanza akawapeleka kwenye ufuko wa watu wote, ulio kando ya eneo la hifadhi ya bahari. Evarista alishangaa. Alitegemea kuona maji, kumbe mchanga mtupu umeenea hadi mbali, wenye madimbwi madogo madogo na kaa wanaokimbia upande upande. Kule mbele kabisa palikuwa na fungu la mchanga mweupe, limeinuka kama mgongo wa ng'ombe.

Zuena alipokwenda kununua mihogo ya kukaanga, Leonce akavua viatu.

"Unakwenda wapi, Baba Simon?"

"Kule kwenye fungu."

"Mngoje Zuena. Bahari huijui."

"Maji yamekauka, huoni? Eyasi nimeivuka kwa miguu mara ngapi? Maji yakishaondoka, hayarudi mpaka mvua zinyeshe." Leonce akacheka. "Wewe kaa hapo ulinde viatu."

Akaenda zake, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba. Evarista aliitazama kofia yake mpaka ikawa ndogo kama punje.

Zuena akarudi na mihogo. "Shemeji yuko wapi?"

Evarista akanyoosha kidole. Zuena akaacha kutafuna.

"Dada, maji yameanza kujaa! Anajua kuogelea?"

"Angejifunzia wapi? Qurus tunaogea beseni!"

Ndipo Evarista naye akaona. Fungu lilikuwa bado kavu, lakini nyuma ya Leonce, penye bonde la mchanga, maji yalikuwa yanaingia kimyakimya kama mfereji uliofunguliwa. Mzee mwenyewe ameinama, anaokota vitu, hana habari.

"Leonce! We Leonce!" aliita. Miaka mingi alikuwa hajamwita mumewe kwa jina lake.

Upepo ukaichukua sauti. Zuena akakimbilia kibanda cha mlinzi wa hifadhi, dada mmoja aitwaye Hajira. Hajira akapuliza filimbi kwa nguvu. Leonce akainua kichwa, akapunga mkono.

"Anadhani tunamsalimia!" Evarista akasema.

Hajira akachukua boya, akaingia. Alijua wapi pana kina kifupi. Maji yalimfika kiunoni, kisha kifuani. Alimshikisha Leonce boya, akamvuta polepole. Evarista hakupumua vizuri mpaka alipoyaona magoti ya mumewe yakitoka majini.

Kofia haikurudi. Mkononi Leonce ameshika kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota.

"Nimekuletea zawadi," alimwambia mkewe, meno yakigongana.

"Zawadi! Ulitaka kuniachia viatu!"

"Babu, huyo mrudishe majini, yu hai," Hajira akasema. "Kwenye hifadhi tunatazama, hatubebi. Na bahari haikauki. Maji hupwa, kisha hujaa, mara mbili kila siku, mvua iwepo isiwepo. Huanza kujaza mabonde yaliyo nyuma yako, wewe bado umesimama pakavu. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, hupwa mbali zaidi na hujaa zaidi."

"Sasa mgeni afanyeje?" Evarista akauliza.

"Aulize kwanza wenyeji maji yanageuka saa ngapi, maana saa hubadilika kila siku. Atoke maji yakiwa bado yanapwa. Arudi kabla hayajageuka. Na asiende peke yake."

Kesho yake Leonce ndiye aliyeuliza, tena mara mbili, mpaka Zuena akamcheka: "Shemeji, nimeshakujibu!" Wakatoka wote watatu, wakifuata maji yanayopwa. Waliona viti vya pweza vyekundu, majongoo bahari wanene kama soseji, na visamaki vya rangi madimbwini. Hawakuokota kitu. Saa ilipokaribia, Leonce akawa wa kwanza kugeuka.

"Haya, haya, twendeni! Mnangoja nini?"

Walikaa ufukweni, pakavu, wakilitazama fungu linavyozama kidogo kidogo, mpaka likabaki povu tu. Leonce akamenya chungwa, akaligawa, akampa mkewe kipande kikubwa.