Mkono wa Gauni Unaobana

Ukumbi wa maduka ya kompyuta ulifurika adhuhuri ile. Mashine za kunakili zilinguruma, wauza chaja waligombea wateja, na katikati ya zogo hilo mwanamke mmoja alipiga magoti sakafuni akipanga karatasi kama anayetandika mkeka. Alivaa gauni la kitani la rangi ya haradali lililomkaa kama ngozi ya pili, na shingoni, pale wengine wanapovaa mkufu, alining'iniza tepu ya kupimia.

Alikuwa mbunifu wa mavazi, na alikuwa akimthibitishia muuza printa kwamba karatasi zinatoka kombo: mistari ya kukatia nguo haikutani. Muuzaji naye aliapa kwamba mashine yake ni nzima.

Kijana mrefu aliyekuja kutafuta waya alisimama kutazama. Marafiki walimwita Miwani, kwa sababu isiyohitaji maelezo. Alipoona alama iliyochapwa pembeni mwa karatasi, moyo ulimlipuka.

"Printa haina kosa, dada," alisema.

"Na wewe ni nani, wakili wake?"

"Mimi ndiye niliyeandika hiyo programu unayochorea. Kosa ni letu."

Mwanamke alimpandisha na kumshusha kwa macho. "Miaka yote hii nadhani imeandikwa na watu wasiokula wala kuchoka. Kumbe ni wewe, na shati umefunga vifungo kombo."

Miwani alijitazama. Kweli tupu. Alicheka, naye mwanamke akacheka, na muuza printa akashukuru Mungu.

Miwani alimweleza mwanamke kwamba programu ile ni huria: hutolewa bure, na yeye na wenzake waliotawanyika nchi mbalimbali huitunza kwa mapenzi tu. Upo ukurasa ambapo yeyote anaweza kuripoti hitilafu, na kila mtu duniani akaisoma. Mtu aeleze alichofanya, alichotarajia, na kilichotokea.

Ripoti ya kwanza ya mwanamke yule ilimwacha Miwani mdomo wazi. Wengi huandika "haifanyi kazi" wakaishia hapo, tena kwa matusi. Huyu alieleza hatua moja baada ya nyingine, akaweka picha, akataja kompyuta yake na mpangilio wake, akamalizia kwa shukrani. Miwani alirekebisha kosa, kisha akampigia simu kumwomba ajaribu tena.

"Imekubali, Miwani wangu," alisema, na lile neno la mwisho likamkosesha usingizi.

Ikawa mazoea. Mwanamke alikuwa na jicho la kunguru: hakuna hitilafu iliyompita, na akiripoti hatupi jiwe gizani, hufuatilia mpaka mwisho. Watunzaji wenzake Miwani, ambao hawajawahi kumwona, walimwita Fundi kwa heshima. Miwani aliwasikia wakimsifu akavimba kichwa kama baba wa bingwa. Simu za kazi zikageuka simu za kuulizana hali, na za kuulizana hali zikageuka zile ambazo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukata.

Halafu ikaja ripoti ya mikono ya gauni. Mdogo wake Fundi alikaribia kuolewa, na gauni la harusi alilishona dada mtu. Kila alipokata kwa vipimo vya programu, mikono ilibana, bibi harusi akashindwa hata kuinua kikombe.

Siku hiyo Miwani alizongwa na ripoti nyingi. Aliisoma juujuu, akaingiza vipimo vilevile kwenye kompyuta yake, mkono ukatoka sawasawa. Aliogopa wenzake wasije wakasema anampendelea mtu wake, basi akaandika kwa ukavu: "Kwangu inafanya kazi. Nafunga ripoti."

Alipompigia Fundi, simu iliita mpaka ikachoka. Kesho yake hivyohivyo. Mwishowe ukaja ujumbe mfupi, kwamba kama Miwani hakuamini neno lake katika kazi, hataliamini katika lolote.

Miwani alimlalamikia dada yake mkubwa, muuguzi aliyeishi naye. Dada alimsikiliza huku akipiga pasi sare yake.

"Mgonjwa akiniambia anaumwa," alisema, "simjibu kwamba mimi siumwi. Ripoti yake uliisoma yote?"

Miwani alikwenda kuifungua, akaisoma neno kwa neno. Mwishoni Fundi alikuwa ameandika kwamba kompyuta yake hutenga sehemu ya sentimita, yaani desimali, kwa mkato, si kwa nukta. Miwani alibadili mpangilio wa kompyuta yake ufanane na wa Fundi, akajaribu tena. Palepale programu ikakata kila kilichofuata mkato: thelathini na moja na ushei ikawa thelathini na moja kavu. Mwilini pengo lilijificha, lakini mikononi lilibana. Aliona haya, lakini zaidi aliona fahari juu ya mwanamke yule. Jibu lilikuwa limelala hapo tangu mwanzo, limeandikwa kwa adabu.

Aliifungua ripoti upya mbele ya wote. Aliandika kwamba mripoti alikuwa sahihi, mtunzaji hakusoma, na anaomba radhi. Kisha akarekebisha, akavaa shati safi, akaenda.

Karakana ya Fundi ilijaa mwanga wa asubuhi na vipande vya hariri nyeupe. Yeye mwenyewe, amevaa aproni ya buluu na sindano zimechomekwa kifuani, alikuwa akifumua mshono.

"Ulinifungia mlango mbele ya dunia nzima," alisema bila kuinua uso.

"Nimeufungua mbele yao haohao. Nilikukosea, Fundi. Nilijilinda mimi nikakuacha wewe."

"Nimesoma." Aliuma uzi. "Nimesoma mara nyingi kuliko inavyostahili."

"Programu mpya siitoi kwa watu mpaka wewe ujaribu."

Alijaribu. Walichapa, wakakata, naye Miwani akashika kitambaa pale alipoambiwa ashike, kimya kama mwanafunzi. Jioni walilipeleka gauni nyumbani kwao Fundi. Bibi harusi alilivaa, akainua mikono juu ya kichwa, akaizungusha, akamkumbatia dada yake mpaka shada la nywele likalegea. Kisha akamwona mtu mrefu mlangoni.

"Dada, na huyu nani?"

"Mchumba wangu," alisema Fundi, akinyoosha pindo. "Ila bado hajaniambia."

Miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akamwambia, palepale, mama mtu akisikia kutoka chumba cha pili.