Ukurasa Mtupu Ulionenepa

Ukurasa mtupu ulikuwa umenenepa. Filsan aliutazama kwenye kompyuta, akafuta miwani kwa ncha ya shungi, akautazama tena. Ukurasa usio na kitu hauna uzito wa kusema, lakini huu ulikuwa ukitoka kwenye seva mzito kuliko jana, na jana ulikuwa mzito kuliko juzi. Halafu akasikia harufu ya udi uliopikwa na sukari, ndani ya chumba cha seva, mahali ambapo hata kiberiti kilipigwa marufuku.

"Bosi, umefukiza udi humu?"

Awil alikuwa amejilaza kwenye mkeka na fungu lake la mirungi, kama nusu ya wanaume wa Hargeisa saa hizo za mchana, shavu limemvimba. "Nifukize udi kwani naoa leo? Fanya kazi, dada."

Kazi yenyewe ilikuwa tovuti ya kutafuta vijana waliochukua njia ya jangwani kwenda Libya, ili wavuke bahari kwenda Ulaya. Aliyepatikana, akiwa hai au kaburini, aliwekewa ukurasa wake. Ndugu akiandika jina, seva hujibu kwa nambari. Filsan alikuwa amemfundisha mama yake nambari hizo jikoni, kwa sababu Hibo, mdogo wake, naye alikuwa kwenye njia hiyo na mama hakuacha kumtafuta. 200 maana yake yupo, huyu hapa. 403 ni yupo, ila wewe huruhusiwi kumwona. 500, seva yenyewe inaumwa. Kila siku mama alipata 404, na Filsan kila siku alimwambia: "404 si kifo, mama. Ni kwamba hatujamwona. Kesho anaweza kuwepo." Ile ya 410 alimtajia mara moja tu, kisha akajuta: alikuwepo, hayupo tena, harudi, usiulize.

Ofisini kulikuwa na kioo kikubwa cha kompyuta ukutani ambacho kila 404 ilikiwasha nyekundu. Kabla harufu ya udi haijaanza, wafadhili walikuja wakakitazama, wakaguna, wakaondoka bila hata kumaliza chai.

"Hawa hawatoi hela zao kuangalia damu ukutani," Awil alisema siku hiyo. "Nataka kijani."

"Lakini hao vijana hawapo, bosi."

"Seva itajuaje? Iambie iseme wapo."

Filsan alichoka kubishana. Akaandika mstari mmoja: asiyepatikana, jibu 200, toa ukurasa mweupe. Kioo chote kikawa kijani, na Awil akamnunulia soda. Ni uongo ambao mafundi wengi wa tovuti wameshausema na wakalala usingizi mzuri. Ila Filsan alizaliwa mji ambao mtoto huonywa kuhusu magofu kabla hajajua kufunga viatu: ukibisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, na sauti ikajibu "nipo", usiingie, kimbia. Yeye alikuwa amejenga magofu kwa maelfu, na yote ameyafundisha kujibu "nipo".

Ukurasa ulionenepa ulikuwa wa Hibo.

Nyumbani kwao kulikuwa na geti la chuma lililobonyea upande wa chini. Hibo hakuwahi kubisha hodi maishani mwake. Kila mara alilipiga geti teke kwa kisigino pale pale, mama akamtukana, akaingia akicheka. Jioni ile Filsan alilipita geti hilo haraka, akamkuta mama ameketi sakafuni na simu mkononi. Mkate wa canjeero wa asubuhi ulikuwa umekauka kwenye sahani.

"Mama, hujala?"

"Shh! Usimkatize."

"Nisimkatize nani?"

Mama akamgeuzia simu. Ukurasa ulikuwa mweupe, na ndani ya weupe huo herufi zilikuwa zikipanda taratibu: *Ni mimi, mama. Niulize tena.*

"Tangu lini?" Filsan alinong'ona.

"Tangu kioo chenu kiwe kijani. Nimeomba mwaka mzima, nimejibiwa, na wewe unaniletea uso wa matanga."

Seva haisemi mpaka iulizwe. Kilichokuwa humo kilijua hivyo, ndiyo maana kila jibu lake liliishia na ombi lile lile. Mama aliuliza, kikajibu. Akauliza tena, na bangili yake ya dhahabu, ambayo tangu harusi haikuwahi kuvuka kiganja, ikateleza ikaanguka sakafuni kwa sababu mkono umebaki mfupa. Filsan aliiokota, na hapo ndipo alipoelewa ukurasa ule ulikuwa ukinenepa kwa kula nini.

Kesho yake alikwenda kuufuta ule mstari. Seva ikamjibu 403.

Awil alicheka hadi mirungi ikamtoka mdomoni. "Umefungiwa nje ya nyumba uliyoijenga mwenyewe! Si ukaite polisi?"

Filsan aliingia chumba cha seva, harufu ya udi imejaa humo, akainama nyuma ya mashine akaung'oa waya wa umeme akaushika mkononi, na mashine ikaendelea kunguruma, feni zikaendelea kuzunguka, na hewa iliyotoka humo ilikuwa ya moto na yenye unyevu, ya mtu anayehema baada ya kushiba, na kule ukutani kioo kikabaki kijani, na katikati ya kijani hicho jina la Hibo likawa linawaka na kuzimika, linawaka na kuzimika, kila mara mama yake alipouliza.

Awil aliuona waya mkononi mwake. Alitoka bila viatu, na ofisini hapo hakurudi tena.

Shekhe Dirir, aliyeitwa na Filsan, alikuja nyumbani kwa pikipiki, kijana bado, kofia ya chuma kwapani. Alisikiliza yote bila kucheka.

"Nani aliyesema uongo wa kwanza?"

"Mimi."

"Basi mimi nitasoma Kurani, huyo aliye humo atalegea, na wewe utaandika kweli mahali pa uongo. Lakini andika unachokijua tu, Filsan. Ukisema tena usilolijua, atatoka humo na kuhamia kwa msemaji. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Shekhe akasoma. Mama akaanza kutikisika, akatoa sauti isiyo yake, na kwenye kompyuta ya Filsan mlango uliokuwa 403 ukafunguka. Akaandika 404. Hatujamwona. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli yote aliyokuwa nayo. Simu ya mama ikawa nyeusi, mama akavuta pumzi ndefu, Filsan akalia kwa shukrani.

Kisha mama akauliza tena.

Weupe ukarudi. *Ni mimi, mama. Niulize tena.*

"Mama, acha kuuliza!"

"Niache vipi? Wewe mwenyewe hujasema hayupo. Umesema hajaonekana!" Na kidole kikabonyeza, na uso wake ukabonyea mashavuni Filsan akiona kwa macho yake.

"Vumilia," shekhe alisema. "Baki na kweli. Atachoka yeye."

"Mama atakufa kabla hajachoka!"

Filsan akafuta 404, akaandika 410.

Shekhe akanyamaza katikati ya aya. Simu ikamponyoka mama, naye akalitamka mwenyewe, polepole, somo la jikoni: "Alikuwepo. Hayupo tena." Akalia, kilio cha kawaida cha mama aliyefiwa, na alipomaliza akaomba chakula.

"Umejuaje kama amekufa?" shekhe akauliza kwa sauti ya chini.

"Sijui."

Shekhe akachukua kofia yake ya chuma, akaondoka. Chai aliyomiminiwa hakuigusa.

Hibo akasomewa hitima. Majirani wakaja, wakala, wakaenda. Filsan akaufuta mstari wake, kioo kikarudia wekundu wa haki, na bangili ya mama ikakaa tena mahali pake. Filsan alijiambia kwamba mashekhe nao huzidisha maneno.

Alasiri moja alikuwa akimmiminia mama chai ya maziwa, geti likapigwa teke. Chini, pale palipobonyea, kwa kisigino.

Alikimbia, birika bado liko mkononi. Alifungua. Hibo alikuwa amesimama nje, kichwa kimenyolewa, amevaa kandambili zisizofanana, mfuko wa plastiki begani.

"Filsan! Wameturudisha kwa ndege, simu walininyang'anya huko huko. Mbona unanikodolea macho? Mama mzima?"

Filsan alitaka kumkumbatia. Alitaka kupiga yowe mtaa mzima utoke. Akafungua kinywa, na kabla ya neno ikamtoka harufu ya udi uliopikwa na sukari, kisha sauti ya upole, isiyo na haraka:

"Alikuwepo. Hayupo tena. Usiulize."

"Acha utani wako. Nimechoka mie. Mama yuko wapi?"

"Alikuwepo. Hayupo tena. Usiulize."

Mkono wake mwenyewe ukasukuma geti na kulitia komeo, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni. Teke likapigwa, na jingine. Hibo akaanza kulia huko nje. "Mama! Ni mimi, mama! Ni mimi!"

Mama alitokea mlangoni, mwili umerudi, akausikiliza ule wito ambao aliujua neno kwa neno. Akashika kiuno.

"Limerudi hilo shetani!" akapaza sauti kuelekea getini. "Safari hii umekosa. Sikuulizi tena, umesikia? Sikuulizi!"

Akamgeukia Filsan na kumnyooshea kikombe aongezewe chai.